Vigelegele vya Mama Fulani

Njahi, maharagwe yetu meusi, zikimiminwa kwenye ungo hulia kama mvua ya kwanza juu ya mabati, na mimi nikizisikia huwa nanyamaza, moyo unatulia. Wiki iliyopita haukutulia. Nitawaambia ninyi mnaosoma, kwa sababu watoto wangu wamechoka kunisikia, wakiniona nafungua mdomo wanakumbuka kazi shambani.

Nilikuwa nje ya jikoni nachagua njahi. Mjukuu wangu Kendi, ambaye anasoma chuo pale Embu mjini, alikuwa amekuja na kaspika kadogo kama kopo la mafuta ya kujipaka. Akakaweka juu ya debe lililopinduliwa.

"Cucu, leo nimekuletea yule mwimbaji wako."

Akabonyeza simu, na Njiwa akaanza kuimba.

Njiwa ni jina tulilompa sisi watu wa huku, kwa sababu ya sauti yake, nzito kwa mwanamke, inayotokea chini kabisa kifuani. Nimeusikia wimbo wake huo kwenye redio maisha yangu yote, ukikwaruza kama mafuta kwenye kikaango. Siku hiyo haukukwaruza, nao uongo mimi siusemi. Ulikuwa safi kama maji ya mto Rupingazi wakati wa kiangazi. Nilisikia vidole vikitembea kwenye nyuzi za gitaa, nikasikia saksafoni ikivuta pumzi kama mtu. Njiwa mwenyewe alikuwa karibu hivi kwamba nilijikuta nimesogeza ungo, kama anayempisha mgeni akae.

Nikangoja mahali pangu. Pale kabla ya ubeti wa mwisho, gitaa linapobaki peke yake. Nikangoja. Gitaa likabaki peke yake, pakapita kitu kidogo ambacho sikukijali, ubeti wa mwisho ukaja, wimbo ukaisha.

"Rudisha," nikasema.

"Umeipenda, eh?"

"Rudisha! Mama yangu hayumo."

Kendi akanitazama kama anayetaka kunipima homa. Nikamweleza ni pale gitaa linapobaki peke yake. Akacheka.

"Aah, hiyo! Cucu, hiyo ilikuwa makelele tu. Hii imesafishwa na kompyuta. Si kulikuwa na mama fulani hapo nyuma anapiga nduru? Walimtoa."

Mama fulani.

Mimi shule niliiachia darasa la nne, lakini kuchagua njahi najua. Unatoa jiwe, unatoa ganda, unatoa iliyoliwa na mdudu. Ukiona kitu hukijui, unakishika kwanza, unakigeuza, unauliza mwenye shamba. Hao waliochagua wimbo walimuuliza nani? Walikaa huko kwao, wakamwona mama yangu, wakamtupa pamoja na mawe.

"Huyo mama fulani," nilimwambia Kendi, "alimzaa huyu anayekulisha. Zima hicho kitu."

Sasa nirudi nyuma.

Nilikuwa na miaka minane hivi. Mvua ya masika ilikuwa imeikata barabara ya kwenda Meru. Siku zile barabara ilikuwa udongo mtupu, na mvua ikinyesha udongo wetu humshika mtu kama dai la mahari. Gari moja la bendi kutoka Nairobi likazama karibu na shule yetu, na ndani yake mlikuwa na wanaume sita, vyombo vyao, mzee mmoja wa mitambo, na Njiwa. Wakalala darasani siku tatu. Akina mama wa kanisa wakagawana kazi ya kuwapikia, na mama yangu, aliyeitwa Mama Wanja kwa jina la dada yangu mkubwa, akapewa chakula cha mchana.

Mama alikuwa ametoka kujifungua mwezi huo. Alikuwa amezaa msichana wa tano. Kwetu, mtoto wa kiume akizaliwa wanawake humpigia vigelegele vitano, yaani ngemi, na majirani wote wakiwa shambani wanahesabu. Wa kike hupigiwa vitatu. Siku mdogo wangu alipozaliwa vilipigwa vitatu vikakatika, na ng'ambo ya bonde tukasikia mwanamke mmoja akimwitia mwenzake, "Vitatu tena!" Nyanya yetu, mama wa baba, alikuwa mlangoni. Akaokota jembe lake akaenda kulima, na uji wa mzazi ukapoa jikoni.

Na mama ndiye aliyekuwa na koo la vigelegele kuliko wote. Arusi haikuanza kabla hajafika. Alikuwa akisema, "Furaha ikikaa tumboni huoza," ndipo anarusha kichwa nyuma. Sasa fikirini, mwanamke wa namna hiyo, nyumbani kwake vinapigwa vitatu vitatu kama watu wanaolipa kodi.

Siku ya pili tulipeleka sufuria ya mukimo. Mama Kiswahili hakukijua, alijua salamu na bei ya ndizi, basi mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Njiwa alikuwa ameketi kwenye dawati, ametupa viatu, miguu ina matope kama yetu. Akamchukua mtoto kutoka mgongoni kwa mama.

"Huyu ni nani?"

Nikatafsiri. Mama akajibu kwa Kiembu, nami nikasema, "Mama anasema ni msichana tena."

Njiwa akacheka. "Mwambie hata mimi jina langu la kwanza lilikuwa hilo. Msichana Tena."

Mama naye akacheka, akamweleza habari ya vitano na vitatu. Nilitafsiri yote kama kasuku, nikijivuna kwa Kiswahili changu cha darasa la pili. Njiwa akampakata mtoto vizuri.

"Muulize mama. Mimi ningezaliwa hapa, ningepigiwa vingapi?"

"Vitatu," mama alisema.

"Hata nikiimba hivi ninavyoimba?"

Nilitafsiri.  Mama akachukua mtoto wake, akaosha sufuria, tukaenda.

Siku ya tatu yule mzee wa mitambo akasema hawawezi kukaa bure, afadhali wanase nyimbo hapo hapo. Walitundika blanketi na magunia ya kahawa kwenye kuta za darasa ili sauti isiruke. Njiwa akasimamishwa kwenye kona, anatazama magunia, mgongo wake kwetu. Bendi ikajipanga pembeni. Sisi wa chakula tukaambiwa tukae mlangoni, mtu asikohoe, asipige chafya, mwenye mtoto ampe ziwa. Mzee alitutolea macho mmoja mmoja, masikioni amevaa vile vitu vyake vikubwa kama vikombe viwili.

Njiwa akaimba. Nilikuwa sijawahi kuona wanaume sita wamenyamaza, wanamfuata mwanamke mmoja kwa macho wajue aende wapi waende naye. Akiinua kidole, saksafoni inangoja. Akikishusha, inaingia. Nje wazee waliokuwa wakienda kahawani walisimama kwenye mvua, kofia mkononi.

Halafu gitaa likabaki peke yake, na mama akarusha kichwa nyuma.

Kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne. Vitano.

Niliona mgongo wa Njiwa ukiinama. Mabega yalitikisika. Akashika uso kwa mikono miwili. Halafu akajinyoosha, akaimba ubeti wa mwisho, na mimi nikajua kwa akili yangu ya mtoto kwamba mama amemliza mgeni.

Mama alijua hivyo pia. Hata hatukupata nafasi ya kusema pole. Mzee wa mitambo alivua vikombe vyake akaja mlangoni kama nyuki, "Umeharibu kazi! Nani alimruhusu huyu mama?" na mimi, mdomo wake, nilitafsiri hata hayo. Mama alichukua sufuria, mukimo umo ndani bado, tukatoka kwenye mvua. Jioni hiyo mvua ilikatika, vijana wakalisukuma gari, wakaenda zao Meru. Njiwa hatukumwona tena.

Hapo ndipo nilifanya kosa langu, na sitalificha. Nyanya aliuliza kelele ilikuwa ya nini, nami kwa sababu nilikuwa hodari wa hesabu nikasema, "Hazikuwa kelele, cucu. Zilikuwa ngemi. Nilihesabu, zilikuwa tano!"

Laiti ningeng'ata ulimi. Nyanya alimwita baba kutoka kiwanda cha kahawa. Ati vitano! Vitano vya mtoto wa kiume, amempa mwanamke wa barabarani mwenye suruali, na nyumba hii haina mvulana! Ameulaani uzazi wake mwenyewe. Baba hakuwa mtu wa kupiga, lakini alisema neno moja ambalo lilikuwa baya kuliko fimbo. Alisema, "Nyamaza sasa." Mama akanyamaza.

Sahani ya santuri ilipotoka, duka la sokoni likainunua. Kumbe ule wimbo hawakuwa na mwingine mzuri kuliko ule, wakautoa vivyo hivyo na mama ndani yake. Wanaume waliketi kwenye baraza wakingoja pale mahali, wakifika wanashangilia, "Mama Kelele huyo!" Mama alianza kupita njia ya nyuma, ile ya mtoni, mzigo wa kuni mgongoni, kwa miaka.

Hakupiga tena kigelegele. Dada yangu Wanja aliolewa, mama akakaa kimya. Mimi niliolewa, akanikumbatia akakaa kimya. Nilipojifungua kifungua mimba wangu, msichana, alikuja, akamshika, koo lake likapanda likashuka, nikaona. Hakutoa hata kimoja. Nilimuuliza mara moja tu, nikiwa mtu mzima, kwa nini alifanya vile darasani. Akasema, "Aliniuliza swali. Sikuwa na Kiswahili." Halafu akasema, "Lakini nilimliza yule mtoto wa watu." Alikufa na hayo.

Ninyi mnaelewa sasa kwa nini nilikuwa nafungua redio kila Jumapili. Picha yake ninayo moja, ya kitambulisho, amekunja uso. Sauti yake ilikuwa hapo tu, mahali pa pumzi tano. Ningekuwa nafua, ningeacha nguo kwenye povu nisimame. Halafu mtu mwenye kompyuta, ambaye hajawahi hata kukwama kwenye tope la kwetu, anaona uchafu.

Basi Kendi alikuwa amezima.  Akachutama akaniokotea njahi zilizomwagika. Akasema kwa sauti ya chini, "Cucu, pole. Sikujua." Akauwasha wimbo tena, polepole, ausikie mwenyewe. Ukafika pale. Gitaa likabaki peke yake.

"Lakini cucu," akasema, "sasa hapa anacheka nini?"

"Nani anacheka?"

"Njiwa. Sikiliza."

Akakaweka kaspika sikioni kwangu. Ndicho kile kitu kidogo ambacho sikukijali mara ya kwanza. Kilikuwa kicheko. Kicheko cha mtu anayejizuia, amefunika mdomo kwa mikono, kinamtoka kati ya vidole. Maisha yangu yote sikuwa nimekisikia, kwa sababu mama alikuwa juu yake.

Nikamwambia arudishe. Njia ya mama naijua kama njia ya mtoni, anapoanza, anapovuta pumzi, urefu wa kila kimoja. Nikagonga ukingo wa ungo kwa kidole mahali pa kila kigelegele. Kimoja, gitaa tu. Viwili, gitaa tu. Vitatu, gitaa, na Njiwa kimya kabisa, kama mtu aliyeacha kupumua.

Cha nne, akacheka.

Nilirudisha mara nyingi hata betri ikalalamika. Kila mara ni hapo hapo, kwenye cha nne. Alikuwa anahesabu! Alikuwa ameupa ukuta uso na anahesabu, na kilipopita cha tatu akajua jibu lake limefika. Mabega yale yalikuwa ya kicheko. Na hakuna aliyetuambia. Wanaume sita wa bendi walikuwa pembeni, walimwona uso, wakapanda gari. Yule mzee mwenye vikombe masikioni alimsikia kuliko sisi sote, akaja kutugombeza. Mama yangu akabeba kuni kwa njia ya nyuma miaka yote hiyo kwa ajili ya machozi ambayo hayakumtoka mtu.

Kendi anasema nishukuru, bila hao wasafishaji nisingejua. Nimeshukuru. Nimeshukuru, na bado nina hasira. Walikisikia hicho kicheko, wakakiacha, wakaona ni kizuri. Hakuna hata mmoja wao aliyejiuliza mtu anacheka na nani?

Jumapili walicheza ule mpya kwenye redio. Nilikuwa uani, majirani wanatoka kanisani. Gitaa lilipobaki peke yake niliweka ungo chini, nikarusha kichwa nyuma, nikavirudisha vyote mahali pake. Koo ni la kizee, cha tano kilipasuka kidogo. Njiwa alicheka pale pale. Jirani akaniita kutoka kwenye ua, "Cucu, kuna mtoto wa kiume?"

"Ni msichana!" nikamjibu. "Hesabu tena!"

Na hivyo ndivyo nitakavyofanya kila ukipigwa. Wakitaka kunisafisha na mimi, waje. Watanikuta hapa na ungo wangu.