Dakika Nne za Mkalimani

Habari za kifo chake zilinifikia posta, Jumanne iliyopita, nikiwa kwenye foleni ya kuchukua barua. Mtu aliyekuwa nyuma yangu, ambaye tunajuana kwa salamu tu, aliniambia, "Mzee, yule rafiki yako wa kaseti amelala. Ni jana, huko kwake Soin." Nilimshukuru, nikasogea kwa sababu foleni ilisogea, nikatia sahihi pale karani aliponionyesha, na nilipofika nje nikagundua kwamba barua yenyewe sikuichukua. Wasomaji wa safu hii wamezoea kunisoma nikiwahukumu madiwani na walimu wakuu. Leo sina wa kumhukumu ila mimi mwenyewe. Mnivumilie, kwa sababu jambo hili nimelibeba miaka mitano, na mtu niliyepaswa kumwambia hawezi tena kuambiwa.

Alikuwa mkalimani wa mahakama. Kwa zaidi ya miaka ishirini alisimama kati ya hakimu na mshtakiwa, akigeuza Kipsigis kuwa Kiingereza na Kiingereza kuwa Kipsigis, na Kiswahili kikiingia katikati kila kilipohitajika. Neno la mtu kwake lilikuwa mali ya mtu. Asipolisikia vizuri aliinua mkono na kumsimamisha hata wakili. Siku moja mshtakiwa mmoja, mwizi wa mabati, alimtukana hakimu kwa Kipsigis, na mahakama nzima ikainama kuficha kicheko. Yeye alinyoosha koti na kusema, "Mheshimiwa, anasema wewe ni punda." Hakimu akamkazia macho kwa muda mrefu. "Nimeishia hapo, mheshimiwa," akaongeza, "kwa sababu na yeye ameishia hapo."

Kazi hiyo ndiyo iliyomletea wazo la kaseti. Aliniambia amechoka kuwatafsiria watu ambao tayari wameshaumia: mjane aliyeweka kidole gumba kwenye karatasi ya shamba bila kusomewa, kijana aliyekubali kosa kwa sababu aliambiwa kukubali ndiko kunakomaliza haraka. "Wanafika kwangu maji yakiwa yameshamwagika," alisema. Mimi nilikuwa nimestaafu ukarani wa kiwanda cha majani chai, na nyumbani nilikuwa na redio ya kaseti mbili, ile inayoweza kunakili kutoka upande mmoja hadi mwingine. Basi kila Jumamosi ya pili aliteremka mjini, tukaketi sebuleni kwangu na kinasa sauti chake kidogo kikiwa mezani, mimi nikiuliza na yeye akijibu. Tulizungumza juu ya vyeti vya mashamba, juu ya misaada ya karo, juu ya kazi anayoweza kupata mtu aliyepata alama ya D. Nikijaribu kuuliza kwa maneno makubwa alisimamisha mashine. "Wewe umeishia fomu fo," aliniambia, "uliza kama mtu wa fomu fo. Wakili tutamwita siku nyingine."

Kaseti mama ilibaki kwangu. Mimi nilinakili nyingine kumi au kumi na mbili, nikazituma kwa madereva wa malori hadi vituo vya kupimia majani, na zikafika mpaka Longisa na Merigi. Siku hizo lori lilichelewa karibu kila siku, na watu wenye vikapu vyao walikuwa na saa mbili za kukaa kwenye mabenchi wakingoja mizani. Karani wa kituo aliweka kaseti, watu wakasikiliza. Niliwahi kumkuta mama mmoja amewanyamazisha wenzake kwa mkono. "Nyamazeni kidogo," alisema, "huyu mzee akiongea hata bwana yangu huwa anaacha kunigombeza." Bwana yake alikuwa pale pale. "Ninaacha kwa sababu betri za hiyo redio nimenunua mimi," akasema. Hivyo ndivyo kaseti zetu zilivyoishi, katikati ya mzaha na majani mabichi, na watu wakaziamini kuliko walivyoamini barua yenye muhuri.

Halafu zikaanza kuja barua kutoka vyuo vya Marekani. Mnafahamu mambo ya kwetu: msichana au mvulana anakimbia vizuri katika mashindano ya shule, kochi anaandika barua, na baada ya miezi mtoto wa mkulima anaambiwa atasomeshwa miaka minne bure ili awe mkimbiaji wa chuo fulani. Watu walitaka kujua sheria za jambo hilo. Mkalimani alimtafuta kijana mmoja aliyekuwa amerudi na shahada yake, akaazima vitabu vyake vya kanuni, akavisoma wiki tatu, kisha akaja kwangu na karatasi iliyojaa maandishi pande zote mbili. Ninaikumbuka vizuri ile Jumamosi. Alisema kwamba mkimbiaji akishinda shindano, zawadi ni haki yake kisheria, wala mwalimu au chifu hawezi kumnyang'anya. Kisha akasema, "Lakini." Akaeleza kwa dakika nne hivi. Anayetaka kukimbilia chuo cha kule asipokee zawadi yoyote yenye thamani kwa jina lake, kwa maana wao huhesabu hayo kuwa malipo, na aliyelipwa hawamtaki. "Hata ng'ombe," alisema. "Hasa ng'ombe, kwa sababu sisi hatumhesabu kuwa malipo. Mwambieni mwenye zawadi ampe shule." Nami nikamaliza kwa kusema, "Hapo umetufungua macho, asante."

Jumamosi iliyofuata redio ya taifa ilitangaza kwamba ingesoma mashairi ya wasikilizaji, na la kwangu lilikuwa miongoni mwao. Sikupata kuambiwa mapema. Nilisikia tu mtangazaji akitaja jina langu na mji wangu, nikaruka kutoka kwenye kiti, nikabonyeza vile vitufe viwili vya kurekodi bila kutazama kaseti iliyokuwa ndani. Shairi lilikuwa beti sita. Nilipolirudisha nyuma kulisikiliza, nikasikia kwanza sauti ya mkalimani, "wala hakuna wa kukunyang'anya," kisha beti zangu sita, kisha sauti yangu mwenyewe ikisema, "Hapo umetufungua macho, asante." Nilikuwa sijanakili hata kaseti moja. Ingetosha kumwandikia kipande cha barua aje turudie. Niliona aibu kumwambia kwamba nimefuta sheria ili nijisikilize. Nilichofanya ni kunakili kwa ujanja, nikisimamisha mashine kabla ya shairi na kuiwasha tena baada yake. Iliunganika vizuri mno. Usingejua kuna kitu kilichokatwa. Nilijiambia dakika nne ni kidogo, nikazikabidhi kaseti kwa madereva.

Karibu na Merigi kulikuwa na msichana aliyekuwa ameshapata barua yake. Baba yake ni mkulima mdogo, ana majani kidogo na ng'ombe wa maziwa, mzee wa kanisa asiyejua kupinda neno. Chuo kilikuwa kimemkubali binti kusomea uuguzi, kilichobaki ni fomu za mwisho. Mwezi huo kukawa na mashindano uwanjani, na mfanyabiashara mmoja wa mjini akatoa ng'ombe, mtamba wa kisasa mwenye mimba, kwa mshindi wa mita elfu tatu za wanawake. Msichana alishinda. Mwalimu wake alisita, akamwambia baba, "Mzee, tuulize kwanza. Sijui hii inakaa namna gani na mambo ya Marekani." Baba akamjibu, "Mwalimu, mimi nimesikia kaseti mara tatu kituoni. Zawadi ni haki yake, hakuna wa kumnyang'anya. Ama huyo ng'ombe unamtaka wewe?" Watu wakacheka, mtamba akapelekwa nyumbani na kamba mpya shingoni.

Fomu ilipofika iliuliza kama mwombaji amewahi kupokea fedha au kitu cha thamani kwa sababu ya kukimbia. Binti alimtazama baba yake. Baadaye alinisimulia kwamba alitaka kuacha nafasi ile tupu. Baba alisema, "Ng'ombe yuko pale anakula, na Mungu anamwona. Andika." Akaandika: ndiyo, ng'ombe mmoja. Walingoja wiki saba. Jibu lilikuwa la aya mbili, lenye heshima nyingi, na lilisema chuo kinasikitika.

Baba alikuja mjini na kaseti kwenye mfuko wa koti. Ilikuwa Jumamosi yetu, saa tisa alasiri, mawingu ya mvua ya mawe yakiwa yamekaa chini upande wa mashamba na mwanga ndani ya nyumba ukiwa wa rangi ya shaba. Hakutukana. Aliweka kaseti mezani na kusema, "Bwana Mkalimani, nataka unitafsirie hii. Labda mimi sikuelewa." Tukaiweka. Tulisikia mpaka "hakuna wa kukunyang'anya," na mara moja, bila hata mkwaruzo, nikasikika nikishukuru. Mkalimani aliinua mkono kama alivyozoea mahakamani. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. Alisikiliza mara tatu, kichwa kikiwa kimeinama, na mimi nilikuwa nikitazama mikono yangu juu ya vile vitufe. Mwishowe akamwambia yule baba, "Hiyo ni sauti yangu. Kilichoko kwenye rekodi ndicho kilichosemwa. Nimemwangusha mtoto wako." Baba alisimama, akachukua kofia. "Mimi nilikuamini kuliko mwalimu wake," alisema, na akaondoka kabla mvua haijaanza.

Tulipobaki wawili aliniuliza. Nayaandika maneno yake kama yalivyotoka: "Wewe ulikuwa umekaa hapo mbele yangu. Mimi nakumbuka nikisema juu ya ng'ombe. Naona hata karatasi. Nilisema, ama sikusema?" Mawe ya mvua yalikuwa yameanza kupiga bati, moja moja. Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikasema, "Sikumbuki."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa hukumu. Mtu mwingine angenishuku, angedai kaseti mama, angekwenda kutafuta ile karatasi. Yeye alikuwa amekaa miaka yote hiyo mahali ambapo kumbukumbu ya mtu ikipingana na rekodi, rekodi ndiyo inayoshinda, na akajihukumu kwa kanuni hiyo hiyo. Kaseti zilianza kurudishwa, nyingine zikiwa zimevunjwa. Sokoni wakampa jina la Haki Yako. "Haki Yako anapita," walisema, "fungeni ng'ombe." Mwaka uliofuata aliomba kustaafu kabla ya wakati, na nilipomuuliza sababu aliniambia anaogopa siku atakayoacha neno la mshtakiwa lidondoke katikati, na mtu aende jela kwa ajili ya neno hilo. "Nikiwa naweza kusahau ng'ombe mzima," alisema, "nitaachaje kusahau neno 'si'?"

Tumeona kilichofuata, sisi sote tunaoishi huku. Kaseti ziliponyamaza, mahali pake pakaingia watu wenye magari na mikoba, wanaokusanya vyeti vya watoto na kuahidi vyuo ambavyo hakuna aliyewahi kuvisikia. Nawaona wakiwasainisha vijana juu ya boneti ya gari, na wazazi wakiwa wamesimama kando wakitabasamu. Kila mmoja anaeleza haki, anaeleza ndege, anaeleza shahada. Hakuna anayefika kwenye "lakini." Katika sheria, na katika elimu, na katika kazi pia, jambo linalomwumiza mtu mara nyingi hukaa baada ya neno hilo, na tulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa na subira ya kulisema. Ninapoona magari yale yakipanda kwenda Merigi wakati wa likizo, najua nani aliyewafungulia njia.

Nilikwenda Soin siku mbili baada ya kile kifo. Mjane wake alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, akanionyesha madaftari ya shule, kama tisa, yaliyojaa mwandiko wa marehemu. "Tangu mambo ya yule msichana alianza kuandika," alisema. "Akimaliza tu kuongea na mtu, anaandika." Nilifungua moja. "Leo nimemwambia jirani kwamba mbuzi wake ameingia kwenye mtama. Nimesema." "Leo nimemwambia mke wangu dawa imeisha. Nimesema." Kurasa kwa kurasa, miaka mitano, mtu aliyekuwa na kumbukumbu bora kuliko sisi sote akijitafutia ushahidi kwamba alitoa sauti. Nilimwambia mjane ukweli pale pale, daftari likiwa mikononi. "Kwa hiyo alisema," akasema. Nikamjibu kwamba alisema, na alisema vizuri. Alilichukua daftari, akalifunga, akaniomba niende.

Kutoka hapo nilipanda hadi Merigi. Yule binti sasa anafundisha shule ya msingi bila cheti cha ualimu, kwa mkataba unaoandikwa upya kila muhula. Nilimkuta akisahihisha vitabu chini ya dirisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kalamu nyekundu ikiwa bado mkononi. "Mzee," alisema, "mimi chuo kilishapita. Hata ungekuja mwaka ule ule, barua ilikuwa imeshafika. Lakini yeye ungemponya kwa neno moja, siku yoyote. Hata wiki iliyopita." Akarudi kwenye vitabu vyake.

Nimesoma makala nyingi za maombolezo zinazomalizia kwa kusema marehemu apumzike. Mimi sina ruhusa ya kumwombea mapumziko niliyomnyima akiwa hai. Nilichonacho ni hiki, na ninakitoa kwa kila anayesoma: kosa langu la kufuta lilikuwa la bahati mbaya, na mtu angeweza kulisamehe kabla chai haijapoa. Neno "sikumbuki" nililichagua mwenyewe, na nililichagua upya kila siku kwa miaka mitano. Kama kuna mtu anayekuuliza leo kama alisema ama hakusema, na wewe unajua, mjibu angali anasikia. Alisema. Alisema juu ya ng'ombe, kwa sauti, mbele yangu, na nilimsikia kila neno.