Mzee Alihesabu Mia, Kamera Niliichagua Mimi

Admin, jina langu lifiche, maana Bujumbura ni ndogo na watu wa mtaa wetu wa Jabe wananijua tangu nikiwa natambaa. Ninyi mnaosoma, nivumilieni mpaka mwisho ndipo mnitukane. Nina miaka arobaini na tisa, ni mama wa watoto watatu, na kazi yangu tangu usichana ni maabara. Majina ya watu nimeyabadilisha. Dhambi sikubadilisha kitu.

Miaka ya mwisho ya vita nilikuwa na diploma mpya na mdomo mwepesi, katika zahanati moja ndogo. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Issa, Mwislamu mwenyeji wa mji huu tangu zamani, mtu wa maneno machache. Ukipima kifua kikuu unapaka makohozi kwenye kipande cha kioo, unakitazama kwa hadubini duara moja baada ya jingine, yaani kile jicho linachoona kwa mara moja, na huruhusiwi kusema hakuna kitu mpaka ufikishe maduara mia. Mzee aliyahesabu kwa tasbihi yake, shanga tisini na tisa, na ile ndefu ya juu ikawa ya mia. Nilikuwa namtania kwamba anaswali na makohozi. Alicheka tu, akaendelea kuhesabu.

Kisha macho yake yakaanza kuuma na kutoa machozi. Daktari mkuu alipata msaada kidogo, akaniambia nichague kamera ya kuunganisha hadubini na televisheni, ili Mzee atazame bila kuinama. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akienda Dubai alituletea karatasi ya maelezo na bei za kamera. Ile ya maana ilitushinda. Ile ya bei nafuu tuliimudu, ila karatasi ilisema inunuliwe pamoja na kilenzi kidogo cha kuweka kati ya kamera na hadubini, maana bila hicho kamera huona sehemu ya kati tu ya duara. Nilisoma, wallahi nilisoma. Nikasema huo ni ujanja wa wauzaji, kilenzi nikakifuta, na mahali pake nikaagiza televisheni kubwa zaidi.

Televisheni kubwa, jamani. Nilitaka watu waone, na waliona. Vijidudu vilitokea vyekundu, vinene kama njiti za kiberiti, wauguzi wakawa wanapita kushangaa, daktari akaanza kuniita injenieri. Mzee peke yake alikunja uso.

"Mi naona kikubwa," alisema, "lakini sijui kama naona yote."

"Mzee, we umezoea vya zamani," nilimjibu.

"Sawa, mutoto wangu. We ndiye umesoma."

Siku moja akaja mtu wa Kinama, mtaa wa kaskazini mwa mji, mbeba mizigo kwenye maghala ya eneo la viwanda, Zone Industrielle, tumwite Pascal. Kawaida tulitaka makohozi ya siku tatu, lakini Kinama kulikuwa na risasi, akaweza kuja mara moja tu, kwa miguu. Mzee aliketi mbele ya televisheni yangu, akazungusha tasbihi mpaka mwisho, akaandika kwamba hakuna kitu. Pascal akapewa dawa ya kikohozi, akarudi kwa mkewe. Miezi kadhaa baadaye alibebwa kwa baiskeli mpaka hospitali nyingine, wakamkuta mapafu yamekwisha. Hakumaliza wiki.

Mkewe, Consolata, alikuja kusimama mlangoni petu. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Ni nani alisema bwana wangu hana kitu?" Daktari alimnyooshea Mzee kidole. Ikasemwa kwamba macho yake yamekwisha, na kabla ya adhuhuri alikuwa amefukuzwa kazi, akaondoka na mfuko wake wa kanzu na tasbihi.

Mchana huohuo nilikitoa kioo cha makohozi ya Pascal kwenye sanduku, nikakitazama kwa jicho langu mwenyewe. Sikufika duara la thelathini. Vijidudu vilikuwepo, vyekundu, pembeni. Nikageukia televisheni, hakuna. Nikarudi kwa jicho, vipo. Kamera ilikuwa inakata pembezoni zote, na mia ya Mzee haikuwa hata robo ya mia ya kweli. Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Mimi nilimvunjia mtu nyumba yake.

Nilisoma upya vioo vyote vilivyobaki, nikawaita watu wawili kwa kisingizio cha kurudia kipimo, wakatibiwa, wakapona. Kamera niliing'oa, nikasema umeme umeiunguza. Habari ya Mzee nikainyamazia. Baba yangu alikuwa amefariki na nyumba nzima ilikula kwa kazi yangu. Hiyo ni sababu, si utetezi.

Imepita miaka zaidi ya ishirini. Wanasema majuto ni mjukuu, wangu sasa ni mtu mzima. Kila Idi namtembelea Mzee na sukari na mchele, na kila Idi ananiombea dua, na mimi naitikia amina nikiwa natazama chini. Sasa ni mgonjwa, hatoki kitandani bila kushikwa. Wiki iliyopita aliniita.

"Mutoto wangu, mi niko karibu kuondoka. Unipeleke kwa ule mama wa Kinama nimuombe msamaha. Mia nilihesabu, sikuruka hata moja. Ni haya macho yalinidanganya."

"Apana, Mzee," nilimwambia, "achana na hayo."

Akanishika mkono. "Siku ile wote walinigeuka. We tu ndiye hukusema kitu. Ndiyo maana nataka we unishike."

Consolata amekubali kutupokea Jumamosi hii. Nikinyamaza, mzee asiye na kosa atapiga magoti mbele yangu kuomba msamaha wa dhambi yangu, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemshika asianguke. Nikisema, atajua kwamba mtoto aliyefundishwa kazi naye alimwacha alaumu macho yake mwenyewe miaka yote hii, na sijui kama moyo wake utalibeba.

Ndugu zangu, zimebaki siku tatu. Nimwambie kabla hatujatoka nyumbani kwake, au niseme mbele ya Consolata wote wawili wasikie? Au nimwache aende na amani ya uongo? Nishaurini, maana jana alinituma nimtafutie kanzu nyeupe ya kuombea msamaha.