Sufuria Iliyobonyea ya Daw Tin Nwe

Daw Tin Nwe aliuza supu ya samaki na tambi mtaani kwetu Yangon miaka arobaini, na sisi mapanki wa kwanza, vijana wa muziki wa punk, tulijifunzia kelele jikoni kwake. Tulikuwa na gitaa moja, kaseti zilizoletwa na mabaharia, na mwanawe Phyo, aliyegonga sufuria mpaka ikabonyea.

“Nyie vichwa vya jogoo!” alifoka mama. “Sufuria hugongwa kufukuza pepo. Nyie mnanifukuzia wateja!”

Kila Jumatatu tulipika wali katika sufuria hiyo tukawagawia waliolala barabarani. Halafu tukaanza kuwaimba kwa kejeli majenerali waliotutawala. Mwaka 2007, watawa wa Kibudha walipoandamana kuwapinga, Phyo alitembea nyuma yao na nywele zake zimesimama wima. Risasi zilipolia mimi nilikimbia, na aibu hiyo ninayo mpaka leo. Yeye hakurudi. Maiti hatukupewa, hivyo hatukulisha watawa siku ya saba wala kumuaga, na kwetu roho isiyoagwa haiondoki.

Tangu hapo mama yake aliisikia sufuria ikigongwa alfajiri, polepole. Nililala kwake mara moja, nikaisikia. Mimi nilijifunika shuka gubigubi, yeye akatabasamu.

Februari 2021 wanajeshi wakaichukua nchi tena. Kila saa mbili usiku mji mzima ulitoka kugonga vyombo, kuwafukuza kama pepo. Nyumba moja tu ilikaa kimya. Siku ya nne majirani wakaanza kusema: “Yule bibi wa supu kibaraka.”

Nikamwendea. “Mama, toka. Watakuchomea banda.”

“Wachome! Sufuria haichagui nani wa kufukuza. Nikiigonga, na Phyo naye ataondoka.”

“Angekuwa hai, mama, angetoka wa kwanza.”

“Na wewe ungekimbia,” alisema. Nilistahili.

Saa mbili akatoka, sufuria iliyobonyea mkononi. Hakugonga ovyo kama sisi. Aligonga pigo la Phyo, lile la wimbo wetu wa kwanza, bila kukosea hata mara moja, huku machozi yakimtiririka. Mtaa mzima ukalifuata.

Usiku huo nililala kwake tena. Kulipokucha nilimkuta jikoni, hajawasha moto, ameikumbatia sufuria.

“Umesikia chochote alfajiri?” akaniuliza.

Nilitaka kumdanganya. “Hapana, mama.”

“Hata mimi.”

Usiku, saa mbili ilipofika, akatoka tena na sufuria yake.