Nilivaa Saa ya Vita Siku ya Kumzika Baba

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, saa nane na nusu mchana, baba yangu alishushwa kaburini kijijini kwetu, upande wa Nanyala. Mimi ni mtoto wake wa kwanza. Udongo wa kwanza ulipaswa kutupwa kwa mkono wangu, na msalaba wa kusimamisha kichwani kwake nilikuwa nao mimi. Sikuwepo.

Kosa ni langu peke yangu. Ninaandika bila jina kwa sababu kwa muda mrefu watu wa kwetu waliambiwa habari nyingine, na aliyewaambia ni mimi.

Mimi ni fundi wa matairi hapa Tunduma. Niliishia darasa la saba. Nina mke, watoto wawili na nywele zilizoanza mvi, na kwa miaka miwili nilikuwa kamanda wa jeshi. Jeshi lenyewe lilikuwa na watu watano, na kambi yake ilikuwa banda la gemu nyuma ya maegesho ya malori.

Nieleze hiyo gemu, maana wengine mtadhani ni zile za kukimbia huku unafyatua ovyo. Hii ya kwetu, risasi moja umekufa. Skrini haikuonyeshi risasi zilizobaki, unahesabu mwenyewe kichwani. Adui hana alama nyekundu juu yake. Ukikimbia unahema, na ukihema bunduki inacheza mkononi. Mwenzako akiumia unamfunga bendeji na kumbeba, na ukimbeba unatembea kama mtu mwenye gunia la kahawa mgongoni. Unaweza kutambaa kilimani dakika ishirini usimwone mtu, halafu ukasikia kijiti kimevunjika nyuma yako. Mwili wote unasisimka. Nilikuwa nikitoka pale shati limelowa jasho, na sijainuka kwenye kiti.

Niliipenda kwa sababu ilifanana na kweli. Kisha mimi, fundi pancha, nikaona haijafanana vya kutosha.

Nikaweka sheria. Madirisha yafungwe ili tusikie nyayo za adui kwenye hedifoni. Simu zote ziingie kwenye ndoo yenye mfuniko, maana vitani hakuna kupigiwa na shemeji. Nikanunua buti. Nikanunua na saa kubwa nyeusi ya mkononi, ya kijeshi kwa sura, kwa ubora sijui.

Hiyo saa ndiyo habari yenyewe. Watatu kati yetu walikuwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, tunaongea nao kwa hedifoni. Wewe wa huku unajua: Zambia iko nyuma yetu saa nzima. Kwetu ikiwa saa nne, kwao ni saa tatu. Nikaamua jeshi haliwezi kuwa na saa mbili. Tukachagua ya Zambia, tukaiita saa ya operesheni. Kila nikiingia bandani nairudisha saa yangu nyuma, nikitoka naisogeza mbele. Kwenye simu natoa laini ya nyumbani naweka ya Zambia, kwa kuwa mashine zilivuta intaneti ya kule kupitia simu yangu, hata ikiwa ndooni, na simu nayo ikishika mtandao huo inajigeuza saa yenyewe. Nikitoka narudisha laini yangu. Nilifanya hivyo mara nyingi mno bila kukosea, na nimewacheka madereva wengi wageni waliochanganyikiwa na saa za mpakani.

Nyumbani mke wangu aliteseka. Siku moja nilisimama mlangoni mwa jiko, mgongo ukutani, nikachungulia kushoto, nikachungulia kulia.

"Baba Joni," akasema, "humu hakuna adui. Kuna dagaa. Ingia ule."

Baba aliiona gemu hiyo mara moja tu, alipokuja Tunduma kupimwa kifua. Nilimkalisha kwenye benchi bandani, nikamvalisha hedifoni juu ya kofia yake ya sufu. Alitazama kimya hadi mwisho, mikono juu ya magoti, kama yuko kanisani. Nilidhani amevutiwa.

Tulipotoka akaniuliza, "Wale mliowaangusha, nani anawazika?"

"Hawazikwi, baba. Wanapotea wenyewe kwenye skrini."

"Na wenzenu walioanguka?"

"Nao hivyohivyo."

Akatembea kidogo. "Basi hiyo si vita, mwanangu. Hiyo ni kuwinda ndege."

Nilicheka. Nikawasimulia na wenzangu, tukacheka tena.

Baba alikufa Alhamisi. Nilikwenda Nanyala Ijumaa asubuhi, nikarudi Tunduma jioni kwa sababu moja: fundi wa huku ndiye aliyekuwa anatengeneza msalaba. Baba mdogo alinishika bega na kuniambia, "Kesho saa nane tunakwenda kaburini. Ukitoka huko saa tano umefika mapema. Mchungaji ana msiba mwingine baada ya wetu, hatakaa." Nikasema nimeelewa. Kamanda huwa anaelewa.

Jumamosi saa tatu asubuhi nilikuwa kwa fundi seremala. Jina la baba lilikuwa limeandikwa vizuri kwa rangi nyeusi, lakini nilipogusa herufi ya kwanza kidole kikachafuka.

"Haijakauka," fundi akasema. "Zunguka kidogo, saa tano utaichukua."

Ningeweza kukaa palepale kwenye mbao zake. Ningeweza kwenda nyumbani. Miguu ikanipeleka bandani. Nilijiambia nakwenda kutuliza kichwa, na sitasema uongo, kilitulia. Nilinawa mikono kwa sabuni, maana mwenye banda hataki grisi kwenye mashine zake. Nikatoa laini, nikaweka laini, nikarudisha saa nyuma, nikatia simu kwenye ndoo. Mikono ilifanya yote hayo peke yake. Akili ilikuwa Nanyala.

"Ba kamanda, pole na msiba," alisema Mulenga masikioni mwangu, kijana wetu wa Nakonde; "ba" kwao ni neno la heshima. "Leo pumzika, sisi tutaongoza."

"Ninyi mtatuua," nikamjibu.

Tuliingia porini. Nikajipangia kutoka saa tano kamili. Karibu na mwisho Mulenga akapigwa risasi ya paja, upande wa pili wa mto. Wengine wakasema tumwache, muda umekwisha. Nikasema hatumwachi mtu nyuma. Nikavuka, nikamfunga bendeji, nikambeba. Nilimbeba mwendo wote ule, vidole vikiniuma, nikimsemesha asife. Nilipomfikisha, banda zima likapiga makofi.

"Natotela, ba kamanda," akasema Mulenga. Yaani asante, kwa Kibemba.

Nikaangalia mkono: saa tano na dakika tano. Nikajiona mtu mwenye nidhamu kweli. Kwa Tanzania ilikuwa saa sita na dakika tano.

Nilichukua simu kwenye ndoo, nikaitazama, nayo ikasema tano na dakika tano. Saa na simu zilikubaliana, na zote mbili nilizifundisha mimi. Kilichonitoka kichwani ni jambo dogo nililolifanya kila siku: kuzirudisha, pamoja na laini ya nyumbani. Seremala alinipa msalaba akasema, "Umekawia, kaka." Nikaona hana heshima kwa mfiwa.

Gari lilichukua muda kujaa. Nilikaa na msalaba katikati ya magoti, mtulivu, nikipanga maneno ya kumwambia baba nikitupa udongo. Tulipokaribia Mlowo, kabla ya Nanyala, redio ya dereva ikatangaza saa nane kamili na taarifa ya habari. Nikaitazama saa yangu. Saa saba.

"Redio hii inakimbia," nikasema.

Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akauinamia mkono wangu, akanitazama usoni, kisha akautazama msalaba. "Mwanangu," akasema polepole, "hiyo saa yako ni ya Nakonde."

Dereva, Mungu ambariki, akakanyaga mafuta bila kuombwa. Haikusaidia.

Nilifika saa tisa kasoro. Mchungaji alikuwa ameondoka. Wanawake walikuwa wanalainisha udongo kwa viganja, na kichwani pa kaburi walikuwa wamechomeka mpini wa jembe kunishikia nafasi. Dada yangu alikuja mbio.

"Kaka, tumekupigia mpaka vidole vimechoka. Hupatikani. Mchungaji ameuliza mara tatu mtoto wa kwanza yuko wapi. Tumekusubiri nusu saa. Baba mdogo ametupa udongo kwa niaba yako."

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, ananitazama. Watu wote walinitazama. Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo naliona kubwa kuliko la kwanza.

"Tairi lilipasuka," nikasema. "Nikalifungua mwenyewe na kufunga lingine, ndiyo maana."

Fundi wa matairi nikasingizia tairi. Hata uongo wangu haukwenda mbali na kijiwe changu.

"Pole, baba," mama akasema. "Tairi ni tairi." Watu wakanipa pole ya msiba na pole ya safari. Nikauchomoa ule mpini wa jembe, nikasimamisha msalaba.

Tangu siku hiyo sijarudi bandani. Gemu haina kosa, tena ilitengenezwa na watu wenye akili. Mimi ndiye niliyetaka vita ya uongo iwe kweli kwa kila kitu, buti, jasho, saa, halafu jambo la kweli lilipokuja nikalifikia nimechelewa. Kama nawe unayo sehemu unayokwenda kujisahau, jisahau. Lakini siku ya msiba usiende hata kwa dakika kumi, usidanganywe na mguu wako. Na ukishachelewa, sema umechelewa. Mimi nilibeba lile tairi miezi mitatu, na tairi la uongo halina pa kuliweka chini.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilikuwa na mama kwenye mibuni ya baba, tunapalilia. Alinyoosha mgongo akauliza, "Saa ngapi, mwanangu?" Nikaitazama saa. Nikamweleza yote: seremala, ndoo, Mulenga na mto wake, redio, yule mama wa kwenye gari.

Hakuacha kulima. Alikwenda na mstari wake hadi mwisho, akasimama, akajipangusa.

"Siku ile nilikutazama mikono," akasema. "Mtoto wangu afungue tairi barabarani, kisha aje mikono misafi namna ile? Hata siku ya harusi yako hukuwa nayo."

"Mbona hukusema, mama?"

"Tulikuwa tunakusubiri useme mwenyewe," akasema, akashika mstari mwingine.