Mfyatua Matofali Aliyelicheka Jeneza la Rafiki Yake

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, baridi ya Agosti bado inauma, na Ngosa ameshavua viatu. Anaingia kwenye shimo la udongo miguu mitupu. Anaukanyaga, anazunguka, anarudi alikotoka, mpaka udongo unashikana kama ugali ulioiva.

Ni udongo wa kichuguu. Hapa Ruashi, pembezoni mwa jiji la Lubumbashi, wafyatuaji wa matofali hawataki mwingine.

"Muchwa ilishafanya kazi mbele yako," anasema mzee huyu wa miaka sitini na mitatu. "We unamalizia tu."

Anajaza kalibu, anasawazisha kwa kiganja, anainua. Tofali linabaki chini likimeta kwa maji. Kwa kawaida huuza moja kwa faranka mia moja na hamsini, likishachomwa. Haya ya leo hayana bei. Ni matofali mia nne ya kujengea kaburi la rafiki yake Donat, na miezi miwili iliyopita hakuna mtu wa familia ya Donat ambaye angekubali hata kuyagusa.

Donat alikuwa katekista. Kwa miaka thelathini na mmoja alifyatua matofali ubavuni mwa Ngosa, na kila walipotaka kuwasha tanuru alivua kofia akasali. Ngosa, ambaye kanisani huonekana Krismasi na kwenye harusi, alisubiri huku akijikuna.

"Nilimwambiaka, sala yako iko murefu, kuni zinaoza," anakumbuka. "Anasema, nasali juu ya we, njo maana iko murefu."

Hawakuwahi kuzungumza bila kutukanana. Wote wawili asili yao ni upande wa Kilwa, si ile ya pwani bali ya kando ya ziwa, na huko mtu huzaliwa ndani ya ukoo wenye jina la mnyama. Donat alikuwa wa Chui, Ngosa ni wa Mbuzi. Koo hizo mbili ni watani, banungwe kwa lugha ya kwao, na utani huo si mchezo wa barazani tu. Chui akifa, Mbuzi ndiye humzika, na humzika akimcheka, ili wafiwa wapate kupumua.

Lakini matusi yao yalikuwa na mambo mengine chini yake. Mwaka ambao mke wa Ngosa, Régine, alilazwa wiki tatu, mumewe alikuwa akishinda hospitali. Aliporudi kazini alikuta safu zake za matofali zimerefuka mara mbili.

"Nilimuuliza Donat, ni nani alifanya hii? Akasema, sijui, pengine yanazaana." Ngosa anacheka, kisha anafuta pua kwa mkono wenye udongo. "Mutu wa Mungu, anabeba kazi yangu, halafu anadanganya! Sikupata rafiki mwingine kama ule. Sitapata."

Donat alifariki Februari ya mwaka jana, kwa presha, akiwa na miaka sitini na sita. Mvua zilikuwa zimekata barabara ya Kilwa, kwa hiyo hakuna mzee wa ukoo wake aliyefika mazishini. Walikuwepo mjane, watoto, wanakwaya na majirani.

Jeneza lilipoanza kutolewa nyumbani kwenda kanisani, Ngosa akatokea mlangoni akitafuna majani, akapanua mikono kuziba njia.

"Chui iko lala!" akapaza sauti. "Leo siye bambuzi tutakula mpaka bustani ya padri!"

Hakuna aliyecheka. Kwaya ilinyamaza katikati ya wimbo. Aristote, mtoto wa kwanza wa marehemu, fundi wa umeme kwenye mgodi huko Kinsevere, alimshika shati akamsukuma hadi barabarani.

"Nilizaliwa hapa mujini," anasema Aristote leo, macho chini. "Hakuna mutu alinifundisha. Niliona tu mutu anafurahia kifo ya baba."

Mama yake, Laurentine, ni mzaliwa wa Kongolo, mbali kaskazini. Yeye utani wa wazee wale aliusikia miaka yote. "Nilijua banachezaka," anasema. "Lakini mbele ya sanduku? Nilisema huyu roho yake iko mubaya."

Maneno yana miguu. Kabla ya wiki kuisha, mtaani walikuwa wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba anayecheka kifo huenda anajua kilikotoka. Neno mulozi, yaani mchawi, lilianza kumfuata Ngosa sokoni. Wateja wawili wakaenda kununua matofali kwingine, na Régine akahamia benchi la nyuma kanisani.

Kwa nini hakwenda kueleza?

"Nilienda mara mbili. Bakafunga mulango," anajibu. "Na mutu akishakuita mulozi, kila kitu unasema inakuwa ulozi. Sikuumia juu ya jina, hapana. Niliumia juu Donat alilala bila mutu wa kumucheka. Kama mutu asiye na kwao."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwezi Juni mwaka huu, barabara ikiwa kavu, Mwaba, dada mdogo wa Donat, akafika kutoka Kilwa kwa ajili ya maandalizi ya misa ya kuondoa matanga. Alishusha magunia mawili ya samaki wakavu, akanywa maji, akauliza:

"Na mbuzi yetu iko wapi?"

Wenyeji wakatazamana. Aristote, mtoto mwenye adabu, alidhani ndiyo desturi ya kumpokea shangazi. Akatoka mbio. Baada ya saa moja akarudi na pikipiki, na nyuma yake beberu mweusi aliyefungwa miguu, anapiga kelele mtaa mzima.

Mwaba alimtazama yule mnyama kutoka pembe hadi kwato.

"Huyu njo alizika kaka yangu?"

Laurentine anasema wifi yake alicheka mpaka akakaa chini, kisha kicheko kikageuka kilio. Alipopata pumzi akawaeleza mbuzi aliyemtaka ni yupi, na kazi yake ni nini. Walikuwa wamemfukuza mtu pekee aliyekuja kumzika baba yao kama inavyotakiwa.

Kesho yake Aristote alikwenda kwenye shimo la udongo. Alisimama kando, mikono mfukoni, akitafuta maneno. Shangazi yake alikuwa amemkataza kuomba msamaha. Kati ya Chui na Mbuzi msamaha ni dharau.

"We mbuzi," alisema mwishowe. "Umezeeka. Matofali ya kaburi ya baba utaweza kweli?" Halafu, kwa haraka: "Pardon, papa Ngosa."

Ngosa aliketi palepale kwenye udongo mbichi, akalia. Tangu Donat afariki, hakuwa amelia hata mara moja. Kulia ni kazi ya wafiwa, anasema; mtani hana ruhusa mpaka amalize yake, na yeye hakuachwa amalize.

Misa ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao. Baada ya padri kubariki kaburi, Ngosa atapewa nafasi, na Laurentine mwenyewe amewaomba wanakwaya wasishtuke. Tangu Juni, kila Jumapili baada ya misa, Aristote huja kujifunza matusi ya ukoo wake, na mwalimu wake haridhiki.

"Anatukana sawa na mutu anaomba kazi," Ngosa analalamika, akiinua kalibu nyingine. "Lakini nitamufundisha. Donat alishaenda, mi sina Chui mwingine hapa mujini. Siku yangu ikifika, nataka huyu mutoto asimame mbele ya sanduku yangu, aniseme yote, batu basikie. Na asiseme pardon."