Mama Kopi na Waliofeli Takwimu

Mama Kopi alikuwa hajawahi kuingia darasa la chuo kikuu hata kwa kupotea njia, lakini mwachie mwanafunzi yeyote dakika mbili kwenye banda lake la fotokopi, pale nje ya geti kubwa, atakwambia kama huyo atahitimu au atarudi kwao na begi lake. Si kwamba alikuwa mtabiri. Aliangalia mikono tu. Anayekuja na karatasi tatu alizozikunja mfukoni, zimechorwa pembeni kwa kalamu yake mwenyewe, huyo anasoma. Anayekuja kukopi kitabu kizima wiki moja kabla ya mtihani, akataka kifungwe kwa ringi na jalada la plastiki, kisha akakipakata kama mtoto mchanga, huyo amekuja kununua usingizi.

"Karatasi ikiwa nzito mkononi," alikuwa akisema, "kichwa kinajiona kimeshiba."

Na hao wa pili ndio aliowapenda. Wanaosoma kweli hawajawahi kumjengea mtu nyumba.

Yeye nyumba alikuwa nayo, vyumba vitatu vya matofali. Biashara aliianza na meza moja yenye miguu mitatu na nusu, kalamu za kuuza na stepla ya kuazima. Siku moja ofisi fulani ilikuwa inafungwa, mashine yao ya fotokopi imekufa, wanahangaika pa kuitupa. Mtu mwingine angeiomba. Yeye aliwauliza watampa nini akiwaondolea takataka hiyo. Wakampa, na usafiri juu. Akaifungua sebuleni kwake skrubu moja moja, mwezi mzima watu wa nyumbani wanaruka vyuma wakienda kulala, mpaka mashine ikapiga chafya na kutoa karatasi ya kwanza. Tangu hapo hakuna fundi aliyewahi kumtisha.

Lakini kilichomnenepesha hasa kilikuwa kijitabu kimoja: notsi za Takwimu. Ziliandikwa kwa mkono na kijana mmoja aliyeongoza darasa miaka sita nyuma, mwandiko safi, mifano kibao. Mama Kopi alizikopi siku hiyo, akamrudishia mwenyewe daftari lake, akabaki na nakala mama. Kila mwaka aliichapa upya. Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kile kijitabu hakikutembezwa hata hatua moja. Wanafunzi walipanga foleni.

Sasa, nyumbani kwake alikuwa anaishi binti wa kaka yake, mwaka wa tatu chuoni hapo hapo. Binti mwenyewe hakuwa mjinga. Alisoma kwa sauti akitembea huku na huku kama mtu anayetafuta funguo. Masomo mengine alipita. Takwimu alifeli, ikabaki nafasi moja, mtihani wa marudio, siku tisa mbele. Sheria ya chuo ilikuwa fupi: ukifeli na marudio, kwaheri. Hakuna kurudia mwaka wala barua ya kuomba radhi.

Kaka mtu alipiga simu kutoka kwao kutoa maoni yake ya kitaalamu.

"Dada, mtoto kaharibiwa na simu."

"Simu uliyomnunulia wewe."

"Basi ni marafiki."

"Hana marafiki. Saa zote anatembea sebuleni akiongea peke yake."

"Sasa shida nini?"

"Ningejua ningekuwa nauza," alisema Mama Kopi, akakata.

Lakini moyoni lilimkaa. Yule binti ndiye wa kwanza katika ukoo kufika chuoni. Na ndiye ambaye Mama Kopi alimtetea mbele ya kaka mtu alipotaka kumwozesha mapema: alisimama katikati ya kikao akasema nipeni mimi, akishindwa nilaumiwe mimi. Akifukuzwa sasa, ukoo mzima utakumbuka nani aliyesema nini. Na nyuma ya yule binti kulikuwa na wadogo zake watatu, wote wasichana, wanaosubiri kuona kama mlango utabaki wazi.

Kesho yake asubuhi akaja bandani mhadhiri wa Takwimu mwenyewe. Wanafunzi walimwita Daktari Mkeka, kwa sababu ya tai yake pana iliyosukwa. Alibeba bahasha.

"Mama, nakala mia nne. Bei ya jumla."

Mama Kopi akaichukua karatasi akaisoma kwanza, maana hakukopi kitu bila kukisoma. Ndiyo ada aliyojitoza mwenyewe kwa kutosoma shule. Juu iliandikwa: *Hojaji: Mambo Yanayoathiri Ujifunzaji na Ufaulu wa Wanafunzi.* Chini maswali. Je, unakunywa chai asubuhi? Baba yako ana elimu gani? Unalala saa ngapi? Hosteli yako ina kelele? Unampenda mhadhiri wako: sana, kiasi, kidogo, sijui?

"Hili la mwisho umelitunga mwenyewe, Daktari?"

"Ni swali la kisayansi, mama."

"Watajibu 'sana' wote. Wewe ndiye unayesahihisha."

Daktari akajifanya hajasikia. "Sijui tatizo ni nini kwa hawa watoto. Mwaka wa sita huu. Wanaanza swali vizuri kabisa, halafu wote wanakwama hatua moja, kama askari gwarideni. Juzi nimewapa swali la magunia ya saruji, wapime yanatofautiana uzito kiasi gani. Unajua wanafunzi sitini na tatu wameandika nini? Wameandika kuhusu wagonjwa arobaini."

"Wagonjwa gani?"

"Ndiyo nauliza mimi! Saruji haiugui. Nilidhani wameibia mtihani, nikawahoji mmoja mmoja. Hata wao hawajui hao wagonjwa wametoka wapi. Wanaopita ni wale kumi na wanane wanaokaa mbele na kuandika wenyewe."

"Labda unifanyie mimi hayo maswali. Miaka kumi na moja nawaangalia."

Daktari akacheka kwa adabu. "Samahani, mama. Wewe humo kwenye sampuli."

"Sawa," akasema Mama Kopi. "Basi na bei ya jumla haimo kwenye sampuli." Akamtoza bei ya rejareja, karatasi kwa karatasi, mia nne zote.

Jioni, jua bado lipo, alirudi akamkuta binti sebuleni anatembea na kijitabu. Kimeinuliwa juu, macho yamefungwa, mdomo unakimbia.

"...tunatoa wastani kwenye kila namba, tunapata tofauti hizi, kisha na ndiyo maana wagonjwa arobaini hawatoshi..."

Mama Kopi aliweka mkoba chini polepole.

"Rudia hapo."

"Wapi, shangazi?"

"Penye wagonjwa."

Binti akarudia, neno kwa neno, bila kukosea hata kituo.

"'Kisha na ndiyo maana.' Hicho ni Kiswahili gani?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na wewe ukaona sawa?"

Binti akainua mabega. "Nilidhani takwimu ndivyo ilivyo."

Mama Kopi akampokonya kijitabu. Ukurasa wa saba uliishia na neno *kisha*. Ukurasa wa nane ulianza na *na ndiyo maana*. Akafunua wa tisa: unaanza katikati ya mfano wa kuku wa mayai ambao hakuna aliyeuanzisha. Wa kumi: jedwali lenye kichwa, halina mwili. Namba za kurasa zilifuatana vizuri, moja mpaka hamsini na mbili, wino wa bluu. Namba alizigonga yeye mwenyewe, kwa muhuri wake.

Akakaa kwenye kochi bila kuangalia kama kuna mtu.

Siku ile ilimrudia. Foleni ilikuwa imefika barabarani, mtihani kesho yake, mashine ya zamani haijui kukopi pande mbili. Mwenye daftari alikuwa kaandika mbele na nyuma ya kila karatasi. Mama Kopi alipitisha upande wa mbele wote, akaziweka pembeni ili azigeuze. Mashine ikakwama. Akaifungua, akatoa karatasi iliyokunjamana, akafunga, na alipoinua kichwa kulikuwa na watu kumi wanapiga kelele. Akagonga namba, akafunga ringi, akauza, kitu pekee alichowahi kukopi bila kukisoma. Upande wa nyuma haukupita kamwe. Miaka sita chuo kizima kilisoma nusu ya Takwimu, na hakuna hata mmoja aliyerudi kuuliza nusu nyingine iko wapi.

"Shangazi, kuna nini?"

"Kuna wateja," alisema Mama Kopi, "ambao hawasomi wanachonunua."

Akamweleza yote. Binti alicheka kwanza, halafu akalia, halafu akahesabu siku zilizobaki, akaacha kulia kwa sababu hakukuwa na nafasi.

Mwenye daftari la asili walimtafuta kwa simu. Alikuwa anauza bima mji mwingine, na daftari aliliwashia jiko siku aliyohitimu, kwa furaha. Vitabu vya maktaba kuhusu Takwimu vilikuwa viwili, na vyote viko kwa mtu mmoja aliyevaa miwani ambaye hapokei simu. Mtu pekee aliyebaki mwenye ile nusu kichwani alikuwa Daktari Mkeka.

Hapo ndipo Mama Kopi alipopima. Akienda kwa Daktari, habari itatoka. Banda limesimama kwenye ardhi ya chuo kwa ruhusa ya mdomo. Wanafunzi waliofeli miaka sita wakisikia, watalibeba na yeye akiwa ndani. Asipoenda, binti atasoma wagonjwa arobaini mara ya pili, na safari hii watamtoa nje ya geti. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ndiyo iliyotoboa mtungi. Alilala juu ya jambo hilo usiku mmoja kama watu wote, akaamka akavaa kitenge kizuri. Hakuna aendaye sokoni kuuza kilichooza akiwa amevaa matambara.

Alimkuta Daktari ofisini, hojaji zilizojazwa jana yake zimejaa mezani.

"Daktari, wamejibuje?"

"Wote wananipenda sana." Alionekana amechoka.

"Nilikwambia. Sasa sikiliza. Mimi nimeipata sababu ya wale wagonjwa. Ya kweli, ya kushika mkononi. Nakuuzia."

"Unaniuzia?"

"Sitaki hela. Siku saba zilizobaki, kila asubuhi, saa mbili, uwafundishe wote wenye marudio. Kuanzia mwanzo. Na banda langu libaki lilipo."

"Mama, mimi sifundishi muhula ukishaisha. Na nitajuaje kama sababu yako ina maana?"

"Miaka sita umeuliza watu kama wamekunywa chai, ukaona ina maana. Yangu itakushinda nini?"

Daktari alizisukuma hojaji pembeni. Akanyoosha mkono. Wakashikana, na Mama Kopi hakuuachia mpaka alipomsikia akitamka, "Saa mbili. Siku saba. Na banda." Ndipo akaweka kijitabu mezani, kimefunguliwa ukurasa wa saba.

Daktari alisoma. Akafunua wa nane. Akarudi wa saba. Shingo ilianza kubadilika rangi juu ya ile tai.

"Wewe... Wewe ndiye uliyewafelisha!"

"Nusu," alisema Mama Kopi. "Nusu ni wewe. Miaka sita unatoa mihadhara ileile, na hakuna aliyegundua kuwa unachosema hakifanani na kijitabu. Maana yake wewe hawakukusikiliza, na mimi hawakunisoma."

Daktari aliziangalia zile karatasi mia nne, za bei ya rejareja.

"Kwenye ripoti nitaandika nini, mama? Siwezi kuandika hivi."

"Andika 'upungufu wa vifaa vya kujifunzia'. Lina heshima, na si uongo."

Akaliandika pale pale pembeni, ili asisahau.

Alitimiza. Siku saba, saa mbili kamili, wanafunzi sitini na tatu, baadhi wamechomekea shati upande mmoja. Mama Kopi alifunga banda asubuhi zile, jambo ambalo hata msiba haukuwahi kumfanya alitende, akakaa benchi la nyuma kuhakikisha amepewa alichonunua. Siku ya pili Daktari alipotaka kufupisha, sauti ya nyuma ilisema, "Hapo umeruka." Na alikuwa ameruka kweli.

Binti aliomba apewe notsi za Daktari azikopi.

"Hukopi kitu."

"Shangazi, una mashine tatu!"

"Nazo zimesoma kuliko wewe. Kila ukurasa zimeupitia, na bado hazijui chochote. Chukua kalamu."

Akaandika kwa mkono, kidole kikaota sugu, akilalamika kama mtu anayevunjiwa haki za binadamu. Kila alipofika mwisho wa ukurasa Mama Kopi alimfungia daftari na kumuuliza, "Kisha?" Asipojua kisha nini, anarudi juu. Siku ya nne alianza kujibu kabla ya kuulizwa. Siku ya sita alimkuta shangazi yake ana kosa kwenye mkengeuko sanifu, ile hesabu ya namba zinavyotofautiana, maana shangazi naye alikuwa anakokotoa kimya kimya nyuma ya stakabadhi, binti akamsahihisha kwa raha ambayo ilistahili kofi.

Majibu yalibandikwa ubaoni wiki tatu baadaye. Alama ya kupita ilikuwa hamsini. Binti alipata hamsini na nne. Kati ya wale sitini na tatu walipita arobaini na tisa, waliobaki waliaga.

Kaka mtu alipiga simu akishangilia. "Unaona? Akili za kwetu! Amenifuata mimi."

"Amekufuata, ndiyo maana ni hamsini na nne," alisema Mama Kopi. "Wadogo zake uwalete mwakani. Na simu uwanunulie zisizo na kioo."

Kijitabu kipya kilitoka mwanzoni mwa muhula uliofuata, mbele na nyuma, kurasa mia na nne, kimepitiwa na Daktari mwenyewe. Binti ndiye aliyekaa kwenye meza ya mauzo siku ya kwanza. Mteja wa kwanza, kijana mwenye vipokea sauti shingoni, alikipima mkononi, akakirudisha mezani.

"Dada, hiki kinene. Kile kifupi cha zamani mmekimaliza?"

Binti alimtazama mikono. Akamsukumia daftari tupu na kalamu.

"Kaa hapo," akamwambia. "La bure hili. Fungua kijitabu ukurasa wa kwanza, andika kwa mkono wako."

Kijana akachukua daftari la bure, akaondoka. Mama Kopi alimtazama akivuka barabara, akasema huyo Desemba atarudi kwao na begi, kisha akamkaripia binti kwa kugawa daftari la duka.