Tuzo ya Mwimbaji wa Sugar Land

Dola ishirini, zote noti za mojamoja. Nilizihesabu nilipozitoa mfukoni, na yeye akazihesabu alipozipokea, kwa hiyo hapakuwa na ubishi juu ya hesabu. Ubishi ulikuja baadaye, juu ya kilichonunuliwa.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa na duka la vitu vilivyotumika Sharpstown, hapa Houston, na mke wangu alikuwa akimhudumia bibi mmoja wa Kijerumani kule Sugar Land. Bibi huyo aliimba opera kwao enzi za ujana wake, kabla ya kuolewa na Mmarekani aliyemwachia nyumba na ujane. Nilipokwenda kumchukua mke wangu jioni nilizoea kuingia ndani, kwa adabu, na kwa sababu ya santuri. Bibi alikuwa nazo kabati zima. Nikataja bei, akacheka. Nikapandisha kidogo, akaniambia niketi nisikilize kwanza, nijue ninachotaka kununua.

Kila sauti ilikuja na habari za mwenyewe. Yule wa sauti nzito aliigiza wafalme maisha yake yote, akafia chumba cha kupanga, kodi hajalipa. Yule mwanamke wa sauti nyembamba aliimba mara tu baada ya vita, ukumbini kusiko na paa, akilipwa makaa ya mawe. Baridi ikamwingia kooni, na msimu uliofuata akawa anauza tiketi mlango uleule. Wa tatu daktari alimkataza kuimba. Lakini alikwishapokea fedha, na kwao aliyepokea hupanda jukwaani. Alipanda mwenyewe. Alishushwa na watu. Bibi aliyasimulia hayo kama mtu anayetaja bei ya vitunguu.

Siku moja aliweka santuri aliyoimba yeye mwenyewe. Sauti ya zamani ilipopanda, naye akaifuata kwa chini, mrija wa oksijeni puani. Sasa mimi ni mtu wa Mombasa. Mwimbaji akikugusa, hukai na mikono mapajani kama uko kwa daktari wa meno. Niliinuka, nikamwendea kwa mwendo wa kuyumba, nikamtunza, noti moja mkononi, nyingine begani, mpaka zikaisha. Mke wangu alikuwa jikoni anapanga dawa.

Bibi akazima santuri. Akakusanya noti, akazihesabu, akazifunga kwenye leso, kisha akauliza nataka aniimbie lini. Nikamweleza kwamba ile ni desturi yetu, ni shukrani kwa kilichokwishaimbwa. Akasema kile hakikuwa kuimba, kilikuwa kukohoa kwa mpango. Akaniambia nifike Jumamosi, aniimbie.

Garini ndipo mke wangu aliponieleza. Mshipa mkubwa wa kifuani umetanuka, umekuwa mwembamba kama karatasi. Daktari amemkataza hata kunyanyua ndoo. Kuimba kwa nguvu ni kuupasua.

“Wewe bwana,” akasema, “umemtunza mgonjwa kama uko harusini. Nenda ukachukue pesa zako.”

Nilikwenda. Nimebishana bei na kila taifa lenye duka Houston, lakini kwa bibi yule nilikwama. Nilipoomba anirudishie, alisema fedha hurudishwa na aliyepotewa na sauti. Nikaomba basi nusu wimbo. Akaniuliza kama dukani kwangu nauza nusu sufuria. Nikamwambia nimemsamehe deni, akanitazama kwa huruma.

“Hilo si lako kulisamehe.”

Mke wangu akampigia simu binti wa bibi aliyekuwa Dallas. Binti akasema mama ana akili zake timamu na hajawahi kukatazwa kitu akakubali. Yeye angefika Jumapili.

Jumamosi wingu lilikuwa limeinamia mji tangu asubuhi, zito, bila mvua. Tulimkuta amevaa gauni jeusi na wanja machoni. Mashine ya oksijeni ilikuwa imezimwa, eti mlio wake unaharibu wimbo. Mke wangu akaiwasha, bibi akaizima. Basi mke wangu akabaki mlangoni na simu mkononi, kidole juu ya namba za ambulensi.

Bibi alikuwa nyuma ya kiti chake, ameshika mgongo wa kiti. Midomo ilikuwa ya zambarau, na haikuwa rangi ya kupaka. Alivuta pumzi, akaizuia, akaiachia, akanigeukia.

“Wewe ni mtu wa biashara, hutanibembeleza. Nikisimama, sauti itatoka yote, na huenda nami nikatoka nayo. Nikikaa, itatoka kidogo. Nishauri: nisimame, au nikae?”